Mashua Iliyolala Ubavu na Mstari Uliozidi

Picha ya kalamu na rangi za maji ninayoichambua hapa ilikufa kabla brashi haijaigusa. Wakati ule sikulijua hilo. Nilikuwa nimekaa ufukweni tangu maji yalipoanza kupwa, karatasi ya sentimita 38 kwa 28 imebandikwa ubaoni, na kwa saa nzima kalamu yangu haikupumzika. Kila kilichokuwa mbele yangu nilikitia mstari: mashua iliyolala ubavu mchangani, gati la mawe nyuma yake, kamba ya nanga, rasi ya mbali, mawingu, mawimbi, hata pale bahari inapokutana na mbingu. Wapita njia wawili walisimama wakasifu. Nami nikavimba kichwa.

Saa moja zaidi ilipopita nilikuwa na kitu mfano wa ukurasa wa kitabu cha watoto cha kupaka rangi. Buluu imejazwa ndani ya mipaka ya bahari, kahawia ndani ya mipaka ya mashua, na chini ya mashua wino umevuja ukatambaa mchangani kama masizi ya sufuria. Upeo wa macho ulikuwa mweusi sawasawa na mbao za mashua iliyokuwa hatua kumi kutoka nilipoketi.

Siku tatu baadaye nilirudi pale pale kuichora tena mashua ile ile. Ninachoandika hapa ni ulinganisho wa karatasi hizo mbili, ambazo sasa zimeegemezwa ukutani bega kwa bega.

Vifaa vilivyokuwa mfukoni

Karatasi ilikuwa ya gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso wa mkwaruzo wa wastani. Rangi zilikuwa nne tu: altramarini, ambayo ni buluu nzito, buluu ya thalo, manjano ya udongo, na siena ya kuchomwa, ambayo ni kahawia yenye wekundu. Brashi mbili, moja ya mviringo namba 10 na nyingine bapa. Penseli, kifutio, tishu, na chupa moja ya maji. Zilihitajika mbili, na hilo nalo lina kisa chake.

Kalamu zilikuwa mbili, zote nyeusi. Moja ya ncha nyembamba ya milimita 0.3, ya kununua ikiwa na wino wake. Ya pili ni ya kujaza wino kutoka kwenye kichupa, nami naipenda kwa sababu nibu yake, yaani ile ncha ya chuma, hupanuka ukiikandamiza, mstari ukanenepa na kukonda kwa kadiri ya mkono. Ya kwanza nilichorea karibu kila kitu. Ya pili nilikolezea giza lililo chini ya tumbo la mashua.

Wino uliovuja

Nianze na hili kwa kuwa ndilo linaloonekana kwanza, ingawa silo lililoiua picha.

Nilikuwa nimesubiri. Nilipitisha kidole juu ya wino, kidole kikatoka kikavu, nikapaka rangi ya mchanga. Mstari mwembamba haukutikisika. Ule mnene ulianza kuchanua papo hapo: kwanza ukungu wa zambarau pembeni, kisha kijivu kikafuata maji kila yalikokwenda. Nikakimbilia tishu, na tishu ikageuza doa likawa bapa.

Nyumbani nilikata kipande cha karatasi ile ile, nikapiga mistari kwa kalamu zote mbili, nikakiacha usiku kucha, asubuhi nikapitisha brashi yenye maji. Ya kwanza ilibaki kama ilivyo. Ya pili ilivuja vile vile kama siku ile ufukweni. Kwa hiyo tatizo halikuwa kusubiri. Wino wa kalamu ya kwanza ni wa chembe: vipande vidogo mno vya rangi vinavyonasa kwenye nyuzi za karatasi pamoja na gundi yake, na gundi hiyo ikishakauka hailegei tena. Ule wa kichupani ni rangi iliyoyeyushwa majini kama chumvi, na maji yakirudi nayo huyeyuka upya, hata baada ya wiki. Kukauka ni jambo moja, kustahimili maji ni jingine. Anayechanganya kalamu na rangi za maji afanye jaribio hilo la kipande cha karatasi kabla ya kutoka nyumbani. Ni kazi ya dakika moja na usiku mmoja.

Chumvi angani

Maji yangu safi yaliisha mapema, yakawa rangi ya chai. Bahari ilikuwa hapo miguuni, nikachota. Nilipaka kipande cha mwisho cha anga kwa maji ya bahari nikijiona mjanja.

Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi. Rangi ilipoanza kukauka, chembe za chumvi zilivuta maji na rangi kuzizunguka, zikaacha vidoa vyeupe vyenye umbo la nyota. Wapo wanaonyunyiza chumvi makusudi ili wapate mchoro huo, na kwenye mwamba ungependeza. Kwenye anga tulivu ulionekana kama ukurutu. Isitoshe, kona hiyo ya karatasi hupata unyevu kila hali ya hewa ikiwa nzito, kwa kuwa chumvi imo bado na inaendelea kunywa hewa.

Ukingo wenye wenyewe wawili

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Ukifuta kwa mawazo doa la wino na vidoa vya chumvi, picha ya kwanza bado haipumui. Niliitazama kwa siku mbili kabla sijaona kwamba kila ukingo ndani yake umesemwa mara mbili: kalamu imesema "hapa mashua inaishia", kisha brashi ikaja ikasimama pale pale ikarudia neno lile lile. Hakuna mahali ambapo jicho linaachiwa kazi ya kufanya.

Nilikwenda kutazama tena picha za waliofanya kazi hii vizuri. Mwingereza Thomas Rowlandson, aliyefariki 1827, alichora kwa wino kisha akatia rangi nyepesi juu yake, na ukiangalia haraka utadhani anajaza tu mipaka. Angalia polepole: mstari wake unakatika, unanenepa upande wa kivuli, unapotea upande wa jua, na rangi inapita juu yake bila kuomba ruhusa. Mfaransa Paul Signac, ambaye mwaka 1929 alianza kuzunguka bandari za Ufaransa akizichora kwa rangi za maji, yeye alikwenda mbali zaidi. Mistari yake ina safari yake na rangi ina yake, na kati ya baka moja la rangi na jingine karatasi nyeupe imeachwa wazi. Bahari yake inameta kwa sababu ya kile ambacho hakukipaka.

Nikajiwekea kanuni ya kupelekea jaribio la pili: kila ukingo uwe na mwenyewe mmoja. Ama kalamu, ama brashi, ama usiwe na mwenyewe kabisa, uachwe uyeyuke. Kabla ya kutoka nilichukua picha mbovu nikaandika kwa penseli kwenye kila ukingo herufi K, B, au sifuri. Zoezi hilo lilinifunza kuliko saa mbili za ufukweni, maana kila ukingo ulidai sababu.

Upeo wa macho ulipata B bila ubishi. Mtu aliyeketi mchangani, macho yakiwa kama mita 1.2 juu ya maji, huuona upeo ukiwa karibu kilomita 4 mbele yake. Mashua ilikuwa hatua kumi. Nilipovitia vyote viwili mstari mweusi wa milimita 0.3, niliuambia ubongo wa mtazamaji kwamba viko umbali mmoja. Tena ule wangu ulikuwa umeinama: upande wa kulia ulikuwa chini kwa milimita tatu. Milimita tatu kwenye paa la nyumba hazionekani, kwenye bahari zinaifanya imwagike. Siku ya pili nilipima kutoka juu ya karatasi, pande zote mbili, nikaweka nukta hafifu za penseli.

Rasi nayo B, na mpako mmoja tu. Gati nililipa K upande wa kivuli, sifuri upande wa jua, ambako mawe meupe na anga nyeupe vilikuwa vimeshikana hata macho yangu yenyewe hayakuvitenganisha. Mashua ni ya kalamu. Mchanga uliolowa ni wa brashi. Povu halina mwenyewe.

Jinsi jaribio la pili lilivyokwenda

Maji hupwa na kujaa yakichelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ili niikute mashua katika hali ile ile baada ya siku tatu ilinibidi niende saa mbili na nusu baadaye. Mashua ilikuwa ile ile, jua lilikuwa jingine. Kwanza lilinikera, halafu likanifumbua macho kuhusu kosa ambalo sikuwa nimeliona: katika picha ya kwanza kivuli cha mashua kinaelekea kushoto, na kivuli cha gati kinanijia mimi. Nilichora kimoja mwanzoni na kingine mwishoni. Jua huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Saa mbili ni nyuzi 30, na picha yangu ilikuwa na majua mawili. Safari hii, dakika kumi za kwanza nilichora kijipicha cha ukubwa wa kiganja chenye rangi tatu tu, nyeupe, kijivu na nyeusi, nikafunga mkataba nacho. Jua liende litakako, vivuli ni vile vya kijipicha.

Kisha nikageuza utaratibu: penseli hafifu, rangi, na kalamu mwisho.

Anga nililipaka ubao ukiwa umeinama kidogo, juu umeinuliwa kwa jiwe. Ukipaka hivyo, rangi hujikusanya kwenye ukingo wa chini wa mpako kama shanga ndefu ya maji, na kazi ya brashi ni kuisukuma shanga hiyo chini bila kuiacha ikauke. Altramarini juu, maji yakizidi kadiri ninavyoshuka, tone la manjano ya udongo karibu na upeo. Nilipoona imelala vizuri nikaiacha. Nasema nikaiacha kwa majivuno kidogo, kwa sababu siku ya kwanza sikuiacha: nilirudi na brashi iliyojaa maji wakati karatasi imeshaanza kufifia mng'ao, na tone moja likasukuma rangi pembeni likafanya ua kubwa lenye kingo za mikunjo, kama koliflawa. Karatasi ikimeta, bado unaweza kuongeza. Ikikauka kabisa, unaweza kuongeza. Hapo katikati, inapopoteza mng'ao, kaa mikono mapajani.

Rangi ya maji hukauka ikiwa hafifu kuliko ulivyoiona mbichi, kwa hiyo anga niliyoiona nzito mno ilitulia ikawa sawa. Rasi niliipaka kwa altramarini na siena ya kuchomwa. Rangi hizo mbili zinauana vizuri na kuzaa kijivu, na kijivu hicho kina faida: chembe za altramarini ni nzito kiasi, hutuama kwenye vishimo vya karatasi na kuacha vumbivumbi linalofanana na ukungu wa mbali. Buluu ya thalo haifanyi hivyo. Hiyo huingia ndani ya nyuzi na kung'ang'ania, ukikosea huiondoi. Niliitumia kidogo tu, kwenye maji ya karibu.

Kuhusu bahari nilikuwa na swali ambalo siku ya kwanza sikujiuliza: kwa nini tunauona upeo kabisa? Maji ni kioo, na kule mbali tunayatazama kwa kuyapapasa juu juu, kwa hiyo yangepaswa kuakisi kipande cha anga kilicho jirani na upeo, na mpaka upotee. Siku ya bahari shwari kabisa hupotea kweli. Ila kukiwa na upepo kidogo, kila wimbi hutuonyesha ule uso wake ulioinama kuelekea kwetu, na uso huo huakisi anga ya juu zaidi, yenye buluu nzito. Ndiyo maana bahari ya mbali ni nyeusi kuliko anga iliyo nyuma yake. Karibu na miguu tunaangalia chini moja kwa moja, mwakisiko unapungua, tunaanza kuona ndani ya maji: kijani, kisha rangi ya mchanga. Nikishayajua hayo, sihitaji kuchora wimbi hata moja. Picha ya kwanza ina vijiwimbi vya kalamu kama arobaini, vyote ukubwa mmoja, kama magamba ya samaki. Ya pili ina mpako mmoja unaoanza mzito upeoni na kwenda ukigeuka kijani, pamoja na mikato michache ya mlalo, myembamba sana kule mbali na mipana huku karibu.

Mmeto wa jua niliupata kwa brashi bapa iliyokaushwa kwenye tishu ikabaki na rangi nzito kidogo, nikaiburuta karibu ilale kabisa, haraka, ili rangi iguse vilele vya karatasi tu na kuruka mabonde. Mara moja. Nilipojaribu mara ya pili juu ya ile ile, nusu ya mmeto ulizibika, nikalazimika kuukwaruza kwa wembe baada ya kukauka. Sioni aibu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1818 mchoraji Mwingereza J. M. W. Turner, akiwa mgeni wa rafiki yake Walter Fawkes, alichora manowari ikipakia shehena kwa asubuhi moja tu mbele ya mtoto wa mwenyeji wake: alimimina rangi hadi karatasi ikalowa chepechepe, kisha akaanza kuikwaruza kama aliyepandwa na wazimu. Kwa rangi ya maji, weupe ni karatasi. Ukishaufunika, njia ya kuurudia ni kukwaruza, kuloweka na kufyonza, au kupaka nyeupe nzito juu, ambayo daima huonekana imebandikwa.

Kalamu inaingia

Nilingoja mpaka nikachoka. Njia ya kujua kama karatasi imekauka ndani kwa ndani ni kuigusa kwa mgongo wa kiganja: ikiwa ya baridi, maji bado yanatoka. Kalamu ikigusa karatasi ya namna hiyo, wino hutambaa kwenye nyuzi na mstari unaota vinyweleo.

Nilianza na omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, si kwa sababu ya ustadi bali ndiyo iliyokuwa karibu. Mashua niliichora kwa kutazama nafasi zinazoizunguka: ile pembetatu ya mchanga kati ya mkuku, yaani ule mti wa chini wa mashua, na kivuli, na kile kipande cha gati kinachoonekana juu ya ubavu. Siku ya kwanza nilichora mashua ninayoijua, yenye pande mbili zinazolingana, nikailaza. Mashua iliyolala hailingani. Ubavu wa juu unajikunja mbele yako kama ganda, ule wa chini umefichwa karibu wote, na mataruma, yaani mbavu za ndani, yanaonekana yakisongana kuelekea tezi, yaani nyuma ya mashua.

Kwa kuwa rangi ilikuwa imeshaeleza umbo, kalamu ilibaki na kazi ndogo na tamu: ufa kati ya mbao mbili, misumari mitatu yenye kutu, kamba inapopinda kwenye pete. Ubavu unaopigwa na jua sikuutia mstari kabisa kwa karibu sentimita sita. Rangi ya kahawia hafifu inaishia pale, mchanga mweupe unaanza, na jicho lenyewe linaunganisha. Mahali pawili mstari uliponyoka nje ya rangi. Nilipaacha, na kila anayeitazama picha huona ndipo penye uhai.

Kilichoshindikana ni kamba ya nanga. Katika picha zote mbili imekakamaa kama waya, kwa kuwa niliichora mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho nikiogopa isikatike.

Kona ya chini kushoto

Picha ya pili ni bora, sina shaka. Lakini kila nikizitazama pamoja, jicho linarudi kwenye ile mbovu, kona ya chini kushoto, pale wino ulipovuja chini ya mkuku. Kabla tishu haijapita, upande mmoja wa doa ulikuwa umekwenda wenyewe: mweusi tii pale mbao zinapogusa mchanga, kisha zambarau, kisha kijivu kinachoishia bila ukingo. Ni kivuli chenye maji ndani yake. Kivuli cha picha ya pili, nilichokipaka kwa uangalifu wote, ni kijivu kimoja tu kilicholala.

Kwa hiyo juzi nilichukua picha ya pili, nikaweka kalamu ya wino wa kichupa chini ya mkuku kwa urefu wa kidole, nikagusa kwa ncha ya brashi yenye maji safi mara moja, nikaondoa mkono. Ukachanua. Najua gharama yake: wino nyingi za namna hiyo hupauka kwenye mwanga. Hata rangi za maji zenyewe ziliwahi kuleta mzozo mkubwa kuhusu kupauka, mpaka wanasayansi wawili, Russell na Abney, wakachapisha ripoti yao nchini Uingereza mwaka 1888 na kuonyesha ni zipi zinazoathiriwa na mwanga. Picha hiyo nimeihamishia ukuta usiopigwa na jua, na kalamu ya kichupa nimeifunga uzi mwekundu shingoni, kwa sababu mfukoni haina tofauti na mwenzake.